Mbuzi Mmoja Nje ya Hesabu

Safari nzima imenigharimu shilingi laki mbili na elfu kumi na nne. Nimehesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa kichwa na mara ya pili kwa karatasi, zikalingana. Nje ya hapo kuna mbuzi mmoja ambaye mpaka leo sijui nimwandike upande wa mapato au wa matumizi.

Nyote mlionipigia simu kuuliza nilipotelea wapi, na wewe Mama Jose uliyesikia sokoni kwamba nimekamatwa na Wamaasai kwa wizi wa mifugo, tulieni msome. Sikukamatwa. Niliombwa kwa heshima nisiondoke. Hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa ukiwa ndani yake yanafanana sana.

Chanzo chake ni ukuta. Kuna hoteli mpya kule Themi, na meneja wake anataka picha kumi na mbili kubwa za kutundika mapokezi na kwenye korido. Nilipompelekea nilizokuwa nazo alizipangua kama karata. "Mama Aziza, twiga sitaki. Mlima wenye theluji sitaki, kwanza si wetu. Nataka mahali ambapo mgeni akipaona atauliza ni wapi." Akaniambia kuna kijana mmoja wa Njiro mwenye kamera inayoruka, naye anazunguka huko huko. Atakayeleta cha maana kabla ya Ijumaa ndiye atakayepewa kazi yote. Biashara ya studio mnaijua siku hizi. Mtu ana simu mfukoni, mimi ananijia kwa picha ya pasipoti tu, na hiyo nayo anaomba punguzo. Kodi ya chumba ilikuwa nyuma miezi miwili, na mwenye nyumba alishaanza kunisalimia kwa jina kamili. Bila ukuta ule, studio ingefungwa.

Nikamkumbuka Lazaro. Huyu alikuwa mpambe wa bwana harusi kwenye harusi moja niliyoipiga Olmotonyi, kijana wa Kilutheri, mrefu, anaimba besi kwaya. Wakati tunasubiri keki alinionyesha kwenye simu yake korongo lililo karibu na kwao, upande wa ukame nyuma ya Mlima Meru. Kuta zake zimesimama kama nyumba mbili zilizogombana, na jua linaingia katikati kwa muda mfupi tu kabla ya adhuhuri. Nilipompigia na kumuuliza bei ya kunipeleka, alinijibu neno moja: "Utakavyoona."

Mimi nimekulia Ngarenaro. Mtu akikutajia bei kubwa, huyo mnaweza kuongea. Akikwambia utakavyoona, shika pochi.

Kutoka Ngarenaro mpaka Ngaramtoni, kupitia kwa kinyozi

Baba Aziza alisema nisiende peke yangu, akanipa dada yake, wifi yangu Rehema, anayepika chapati pale mtaani. Rehema anamwamini kila mtu. Mtu akimwambia atamlipa kesho, anamuuliza kama atataka na chai. Nilimbebesha stendi ya kamera, kamera nikabeba mwenyewe.

Tulipata lifti kwa mfanyabiashara wa viazi aliyekuwa akienda Oldonyo Sambu kununua mzigo. Tulikubaliana bei mbele, nusu nikatoa, nusu nikabaki nayo mpaka tufike. Huo ndio utaratibu wangu, na safari hii ulinisaidia. Tulipofika Ngaramtoni alisimamisha gari, akasema dakika tano. Tukakaa. Mwanamke mmoja akapita na ndizi mbivu, Rehema akanunua bila kuuliza bei, nikamrudisha tukauliza bei, ikashuka. Tukamaliza ndizi. Nikawaza kwamba jamaa ameshajaza abiria gari lingine, au anauza mafuta yetu, maana nilimwona ameondoka na kidumu.

Nikamfuata, Rehema nyuma yangu. Nikamkuta kwa kinyozi, ameinamisha kichwa, shingo imefungwa taulo.

"Kaka, hizi ndizo dakika tano?"

"Mama, Oldonyo Sambu kuna mkwe wangu mtarajiwa. Siwezi kumpelekea kichwa kama hiki."

"Na kidumu?"

"Cha mama mkwe. Mafuta ya taa."

Rehema alifurahi kiasi cha kumtaka ashushe na ndevu kidogo upande wa kushoto. Nikarudi kwenye gari kulinda stendi.

Oldonyo Sambu: mzee mwenye kamba

Baada ya Ngaramtoni nchi inabadilika bila kuaga. Migomba inaisha, kahawa inaisha, unabaki na miiba, vumbi, na mlima ule ule tuliouacha mgongoni ukiwa umegeuka kukuonyesha ubavu mwingine, mkavu. Oldonyo Sambu tulilipa ile nusu, yule wa viazi akatutakia heri, na Lazaro akawa pale anatusubiri na shuka jekundu begani.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama."

Nikaitikia marahaba, nikaongeza ulinzi. Kijana anayetoa shikamoo safi hivyo kabla ya kutaja bei ana jambo lake.

Tulidandia tipa tupu lililokuwa likienda kuchota mchanga, likatushusha njia ilipoishia. Kutoka hapo ni miguu. Tulitembea kwenye vumbi laini kama unga wa dona, Lazaro mbele, mimi nyuma nikihesabu njia panda ili nikitelekezwa nijue kurudi. Kwenye njia panda ya tatu tukakuta kamba imefungwa kukatiza njia, kutoka mti mpaka mti, na mzee amekaa chini na fimbo.

Nilijua ushuru huo. Kabla hajafungua mdomo nikaanza. Nikamwambia sisi si watalii, tumetoka hapo mjini tu. Nikamwambia barabara hii haina hata lami ya kulipiwa. Nikamwambia kama kuna malipo nataka stakabadhi yenye mhuri, na kama hana mhuri basi elfu moja kwa watu wote watatu, na hiyo ni kwa heshima ya umri wake. Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza pumzi. Akamwambia Lazaro kitu kwa Kimaasai.

"Anasema nini?"

"Anauliza kama mmeona punda wake. Wa kijivu, ana kengele."

"Na kamba?"

"Ni ya kumzuia punda akirudi."

Rehema aligeuka kuangalia mlima. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kwa Yeyo

Kwao Lazaro ni boma la nyumba tatu ndani ya uzio wa miiba, na zizi la mbuzi katikati. Mama yake watu wote wanamwita Yeyo, yaani mama, na sisi tukamwita hivyo. Ni mwembamba, kichwa kimenyolewa kinang'aa, masikio yana shanga, na macho yake yakikutazama unajikuta unanyoosha kanga. Alinisalimia, "Takwenya." Mimi nikajibu marahaba. Lazaro akanong'ona kwamba inajibiwa "iko". Nikasema iko, nikiwa nimechelewa.

Rehema alitoa sukari kilo mbili na majani ya chai tuliyonunua mjini. Yeyo akapokea kwa mikono miwili, hakufungua kuangalia. Nikaliona hilo. Mtu ambaye haangalii zawadi ama ana adabu sana, ama ana mpango wa kupata kikubwa zaidi.

Tulipewa loshoro, mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa mgando ya kibuyu. Yalikuwa na harufu ya moshi na vichembe vyeusi. Niliuliza vichembe hivyo ni nini, Lazaro akasema ni mkaa wa mti wanaosafishia kibuyu. Nilikula kwa tahadhari bakuli la kwanza. La pili niliongezwa bila kuomba, na la tatu niliomba.

"Lazaro," nikamwambia tukinywa chai, "kulala hapa, chakula hiki, na kutupeleka korongoni. Jumla?"

"Mama, si nilikwambia. Utakavyoona."

Nililala nimevaa mkanda wa kamera mkononi.

Langoni mwa zizi

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mnanijua. Kwenye harusi huwa nahesabu sahani, kwenye msiba nahesabu viti. Vitu vyangu nahesabu ili visipungue, na vya jirani nahesabu ili siku vikipungua nisisingiziwe. Ndivyo tulivyoishi kwenye nyumba ya wapangaji wanane yenye kamba moja ya kuanikia.

Asubuhi Yeyo alifungua zizi kutoa mbuzi. Walitoka mmoja mmoja kwenye mwanya wa miiba, naye amesimama pembeni akiwagusa migongo. Mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkono mmoja. Wa pili, kidole kimenyooka, nikawahesabu kwa sauti, mpaka wa mwisho. Idadi sitaitaja hapa, na mbele mtaelewa kwa nini. Wakiwa wameshatawanyika kwenye njia nikarudia, midomo ikicheza, ikatoka ile ile. Nikaridhika.

Nilipogeuka, Yeyo alikuwa ananitazama. Akaingia ndani.

"Mama," Lazaro akasema taratibu, "kwetu mifugo haihesabiwi."

"Sasa mnajuaje kama wote wapo?"

"Tunawaona."

"Na watoto?"

"Watoto pia. Kitu kikihesabiwa kinapungua."

Nikatikisa kichwa kwa adabu. Moyoni nikasema hawa wanakwepa ushuru wa mnada, ila ni siri yao, mimi nimekuja kupiga picha.

Korongoni

Ningekuwa na maneno ya korongo lile nisingehitaji kamera. Unatembea kwenye uwanda mtupu, hakuna dalili ya kitu, mara ardhi inakatika miguuni pako kama mkate. Tulishuka kwa njia ya mbuzi, Rehema akiteleza kwa makalio na kucheka, mimi nikiteleza kwa makalio bila kucheka. Chini ni mto wa mchanga usio na maji. Kuta zimepanda pande zote mbili kwa matabaka, jivu, kahawia, jivu tena, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, na mahali pengine ni pembamba kiasi kwamba nilinyoosha mikono nikagusa pande zote. Pimbi walikuwa wanapiga kelele juu kama mafundi wanaokwaruza bati. Niliuliza mara mbili kama ni pimbi kweli.

Lazaro alikuwa amepoa. Jana alikuwa msemaji, leo ananyoosha kidole tu. Nikajua ndiyo mwanzo wa bei, watu hununa kwanza.

Yeye akatangulia mbele, mimi na Rehema tukasimama kwenye jiwe moja lenye shimo kama kinu, tukangoja. Halafu jua likafika. Lilishuka ukutani kama mtu anayeshuka ngazi, tabaka baada ya tabaka, mpaka likagusa mchanga, na korongo zima likawaka kutoka chini kwenda juu. Nilipiga mpaka kidole kikauma.

Kwenye kioo cha kamera nikaona doa jeupe, upande wa kushoto, juu kidogo. Nikafuta lenzi kwa ncha ya kanga. Nikapiga tena, doa lipo. Nikafuta tena. Lipo. Nikasema basi ni jiwe, nikaendelea, maana mwanga ule haumngoji mtu. Ulipotoka nilijua nimepata ukuta wa Themi. Nilijiona nimeshalipa kodi.

Hesabu inalingana

Tulirudi bomani alasiri, mbuzi nao wakawa wanarudi. Yeyo alisimama langoni kama asubuhi, mkono juu ya migongo. Wa mwisho alipoingia hakuziba mwanya. Alibaki pale, akaangalia njia, akaangalia zizi, akasema na Lazaro. Nilisikia tu sauti ikishuka.

"Kuna mmoja hayupo," Lazaro akatuambia. "Mweupe, shingo ya kahawia. Ana mimba kubwa."

Nami, kwa nia njema kabisa, nikasema, "Hapana. Wote wapo. Nimewahesabu wakiingia, idadi ni ile ile ya asubuhi."

"Umehesabu tena?"

"Mara mbili."

Lazaro alifumba macho kidogo. Yeyo alikuwa ameelewa bila mkalimani. Akaniambia kwa Kiswahili, pole pole, "Wewe umemhesabu. Na sasa hayupo."

Hapo nikaiona picha nzima, au nilidhani nimeiona. Mjini mchezo huu tunaujua. Mtu anakugonga bega stendi, simu iliyokwishavunjika inaanguka miguuni pako, na wenzake wanatokea kusema ulipe. Hapa hawana simu, wana mbuzi. Idadi imelingana, halafu naambiwa mmoja hayupo. Ndiyo maana bei ilikuwa utakavyoona.

"Sawa," nikasema. "Tusizunguke. Mbuzi mwenye mimba ni shilingi ngapi? Tuongee, tumalize, sisi tuondoke."

Rehema akanishika mkono. "Wifi, nyamaza."

Lazaro alinitazama kama mtu ambaye nimemvulia kiatu mezani. "Mama, asiye na hatia hatangulizi bei."

Akaketi juu ya jiwe, akasema ambacho alikuwa amekibeba kutwa. Kiangazi kilichopita walikuja watu na kamera kubwa, wakasema wanapiga picha ndege. Wakakaa siku mbili, wapole, wanacheka na kila mtu. Baada ya wiki likaja gari, likabeba mbuzi wa maboma mawili, na waliokuja walijua zizi lipi lina mlango dhaifu na lina mbuzi kiasi gani. "Sasa wewe umekuja na kamera. Hukuuliza majina ya watoto wetu. Umehesabu mbuzi, asubuhi na jioni. Ungekuwa wewe ni Yeyo, ungefikiri nini?"

Kwa kweli ningefikiri hivyo hivyo, na mapema zaidi. Lakini sikumwambia.

"Yeyo anaomba muone picha mlizopiga, pamoja naye. Kama kuna picha za zizi, zifutwe. Kama hakuna, mtakwenda. Kabla ya hapo, mama, nakuomba usiondoke. Na hata ukiondoka, hakuna pikipiki itakayokubeba."

Nikakumbatia kamera. Kidole kimoja kisichojua kinatosha kufuta yote, korongo, Themi, kodi, studio. Nikasema haiwezekani. Nikasema hii ni mali ya kazi. Yeyo alikuwa bado anaangalia njia. Jua lilikuwa limeanza kulala, na nikagundua hakuwa anaigiza kitu. Alikuwa amekunja ncha ya shuka lake, anaifungua, anaikunja.

"Anaogopa nini?" Rehema akamuuliza Lazaro.

"Fisi. Na akizaa peke yake huko, harufu inawaita."

Rehema akanigeukia. Nimeolewa kwao miaka mingi, sijawahi kumwona na uso ule. "Wifi, waonyeshe. Kama huna kitu humo, unaogopa nini? Au unataka nikueleze Ngarenaro wanavyokuita?"

Sikutaka kuelezwa. Nikakaa chini, Yeyo akakaa karibu, bega kwa bega. Alinukia moshi na maziwa. Nikamwonyesha moja moja, kidole changu tu ndicho kikibonyeza. Zizi halikuwemo. Alizitazama kuta bila kushangaa, kama mtu anayeonyeshwa picha ya uchochoro wake. Tulipofika ile yenyewe, ile ya jua lote, akanishika kifundo cha mkono.

"Huyu."

"Hilo ni jiwe, Yeyo."

"Huyu," akasema tena, na kidole chake kikawa juu ya lile doa.

Nikavuta picha ikakua. Ikakua tena. Jiwe likawa na shingo ya kahawia na pembe mbili, limelala kwenye ukingo mwembamba wa ukuta, linanitazama. Nilikuwa nimemfuta kwa kanga mara mbili.

"Na hesabu je?" nikauliza, maana sikuweza kujizuia.

Yeyo alinyanyuka, akaingia zizini, akamtoa mbuzi mmoja kwa sikio na kunionyesha sikio lenyewe. Lilikuwa limekatwa pembeni. Masikio ya mbuzi wao hukatwa kwenye ncha. Alikuwa mbuzi wa jirani, aliyejichanganya malishoni akaja kulala ugenini. Mmoja ametoka, mmoja ameingia. Idadi ililingana kabisa, na haikuwa na ukweli wowote ndani yake.

Kurudi kwenye ukingo

Makorongo madogo yanayoingia mle ni mengi, na Lazaro wakati ule alikuwa ametangulia mbele. Hakujua nilipiga nikiwa wapi. Aliyejua ni mimi. Kwa hiyo nilirudi, kwa magoti yangu haya haya, Lazaro nyuma yangu na Rehema nyuma ya Lazaro na tochi ya simu ambayo bado haikuhitajika. Nilitafuta jiwe lenye kinu, nikasimama nilipokuwa nimesimama, nikanyanyua kamera kama kipimo. Kushoto, juu kidogo.

"Pale."

Hatukumwona, tulimsikia. Lazaro akavua viatu, akapanda ukuta ule kwa vidole vya miguu. Mahali fulani upande wa uwanda kitu kilicheka mara moja, na safari hii sikuuliza kama ni pimbi. Lazaro alipoteremka alikuwa na kifurushi ndani ya shuka, na mbuzi mweupe anamfuata akilia, anateleza, anasimama, anafuata tena. Alikuwa ameshazaa. Ndani ya shuka kulikuwa na kitu kilicholowa, chenye miguu mirefu kupita mwili wake, kinatetemeka.

"Jike," Lazaro akasema. Ndiyo mara ya kwanza alitabasamu siku ile.

Nilimbeba mimi kipande cha tambarare. Shati lile sijalifua mpaka leo, Baba Aziza analalamika.

Yeyo alikuwa langoni, hakuwa ameziba mwanya. Alimgusa mama, akamgusa mtoto, kisha akanisogelea akanitemea mate mepesi kwenye kipaji cha uso. Niliruka nyuma, Lazaro akawahi kusema ni baraka. Halafu Yeyo akanyoosha mkono kuelekea zizini, uso mkavu kabisa.

"Sasa hesabu."

Nikamwambia miwani nimeisahau mjini.

Alicheka mpaka akashika bega la Lazaro.

Themi, na deni lisilo na bei

Asubuhi nilimpa Lazaro elfu sitini. Akazitia mfukoni bila kuziangalia. Nikamsihi azihesabu mbele yangu, la sivyo nisingeweza kusafiri. Akazihesabu kwa ajili yangu, kama unavyomwimbia mtoto alale.

Kisha Yeyo akaja na yule mtoto wa mbuzi, amekauka sasa, mweupe, na doa la kahawia kidevuni. Akamweka mikononi mwangu, akasema maneno mengi.

"Anasema huyu ni wako," Lazaro akatafsiri. "Atabaki hapa na mama yake mpaka aache kunyonya, na baadaye ukitaka aendelee kubaki, atabaki. Na kuanzia leo hamwitani majina. Utamwita Pakine, naye atakuita Pakine. Mtu mliyepeana mbuzi, ndivyo mnavyoitana."

"Mliyepeana," nikasema. "Mimi nimempa nini?"

"Bado."

"Na napaswa kumpa nini? Lini?"

Mnajua alichonijibu.

Alhamisi nilikuwa Themi. Meneja alizipanga picha juu ya meza, akasimama mbele ya ile moja kwa muda mrefu, akauliza ni wapi. Hapo nikajua nimeshinda, kwa sababu ndilo swali alilokuwa akilitaka. Halafu akainama.

"Ila hili doa jeupe, Mama Aziza. Lifute."

"Hilo ni mbuzi, bosi."

"Hata kama."

"Alikuwa anazaa."

Akainama tena, safari hii na miwani. Nikamwambia bei ya korongo ni ile tuliyoongea, na mbuzi nitamwongezea juu, ila simtoi, kwa sababu ana mwenyewe na mwenyewe anamjua kwa sura. Tulivutana mpaka chai ikapoa. Mbuzi alikataa kumlipia, korongo alilipa bila kupunguza, na doa limebaki ukutani. Kijana wa Njiro alikuwa amepiga twiga kutoka juu. Kodi imelipwa, na mwenye nyumba amerudi kuniita Mama Aziza.

Sasa linalonikosesha raha ni hili, na ndiyo sababu nimewaandikia. Nimedaiwa na wengi maishani, na wote walikuwa na kiasi na tarehe. Huyu hana vyote viwili. Nikimpelekea sukari, nitakuwa nimempunja. Nikimpelekea mbuzi, Lazaro anasema nitakuwa nimemrudishia zawadi yake usoni. Blanketi? Tangi la maji? Ile picha yenyewe, ndani ya fremu? Rehema anasema niende tu, mikono mitupu, nikanywe chai, eti ndicho anachotaka. Rehema ndiye anayewapikia watu chapati za kesho.

Jumamosi narudi huko. Nishaurini nibebe nini, na tafadhali msinitajie idadi. Na kama kuna kati yenu anayejua namna ya kumtambua mbuzi wako katikati ya mbuzi wa watu bila kunyoosha kidole, aje anifundishe kabla ya Ijumaa, maana nitakapofika Pakine atafungua zizi, atasimama pembeni, na ataningoja nimwone.